Ukianzisha bustani ya wanyama mtaani, jifunze kukataa zawadi

Juzi dada mmoja wa Mikindani kanitumia ujumbe. Mtaa wao una eneo la wazi lenye miembe, vijana wamekubaliana waweke wanyama wadogo ili watoto wapate pa kwenda jioni, anauliza aanze na nini. Mwishoni kaongeza kwa furaha: "Kuna mzee ameshatuahidi tumbili." Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia.

Bustani yangu ya wanyama niliianzisha hapa Lindi mjini, kwenye kipande ambacho watu walishazoea kutupa taka. Watani husema mnyama mkubwa wa Lindi yuko Berlin, yule mjusi wa kale wa Tendaguru, dinosaria, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, sisi tumebakiwa na sungura. Sawa. Lakini sungura hao walivuta watoto mpaka uzio ukainama. Tulikuwa na simbilisi, bata, kuku, kanga, na mbuzi mmoja mkorofi aliyewahi kutafuna daftari la michango. Sijisifu, ila Jumamosi wauza ming'oko walihamia getini kwetu bila kuitwa.

Kilichotuangusha ni zawadi. Mtu akihama, anakuletea njiwa zake. Akichoka na jogoo, anakumbuka bustani. Kila mmoja anaona amesaidia, nawe unaona haya kumrudisha na mzigo wake. Mama mmoja alileta jogoo aliyezubaa, "mtamtunza, wanangu," tukamwingiza moja kwa moja bandani. Haikupita wiki, kuku na kanga wakaanza kuharisha kijani, shingo zikapinda. Kideri. Tulichimba shimo moja tukawafukia wote, watoto wakiangalia. Bata peke yao waliendelea kuranda kama hapana msiba, maana kideri hakiwasumbui sana, ingawa wanaweza kukibeba na kukisambaza.

Chanjo yake ni tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na mara tatu niliandika "chanjo wiki ijayo". Laiti mbuzi angeanza na ukurasa huo.

Kisha kobe. Aliletwa ndani ya ndoo, tukampokea kwa vigelegele. Kumbe kobe ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 humfugi bila kibali, hata ukimlisha vizuri kuliko mwanao. Maofisa walikuja kwa upole, wakamchukua. Kilichoniuma ni kikao cha baada ya hapo: mwenzetu mmoja, yule yule aliyeipokea ndoo kwa mikono yake miwili, alisimama akasema haya yote yameletwa na kupenda kwangu sifa. Hakuna aliyembishia. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa haraka.

Basi, ndugu zangu mnaotaka kuanzisha, kataeni. Anayeleta ndege mkatalieni, na kama hamna budi, ndege huyo akae peke yake wiki mbili, mbali na wenzake, na anayemlisha anawe mikono kabla ya kugusa wengine. Anayeleta mnyama wa porini mkatalieni kabisa, mwelekezeni ofisi ya wanyamapori. Hata mtoto anayewapa simbilisi andazi mkatalieni. Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, anahitaji majani mabichi kila siku, mchicha au matembele. Tatizo letu sisi tunadhani ukarimu ni kupokea kila kitu, tukishapokea tunamwachia Mungu. Mungu hachanji kuku.

Sasa hivi nimebakiwa na sungura na simbilisi, na mlango una kufuli. Watoto bado wanakuja.

Na huyo mzee wa tumbili, dada yangu, mwendee leo kabla hajafika kwenu na kamba mkononi. Mpe shikamoo yake, keti, kunywa chai yake mpaka iishe, ndipo umwambie hapana.