Nati ya Sampu Ikila Nyuzi, Usikubali Kusukumiwa Nati Kubwa

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Kasarani. Gari lake lilifanyiwa sabisi majuzi, na tangu hapo kila asubuhi anakuta doa la oili pale anapoegesha. Sampu ni bakuli la oili chini ya injini, na nati yake huziba tundu la kumwagia oili. Fundi amezungushia nati hiyo tepu nyeupe ya mabomba ya maji, akamwambia kazi imeisha. Dada anauliza kama iko sawa. Haiko sawa, dada yangu. Nakujibu hapa, wengine nao wasome, kwa sababu yaliyokupata yalinipata na mpaka leo yananiuma.

Mimi naendesha Honda Fit. Sampu yake ni ya alumini, nati yake ni ya chuma, kipenyo milimita 14. Ukikaza kupita kiasi, inayoumia ni sampu. Kwa miaka sita nilikuwa na fundi mmoja tu, mtu niliyemwachia funguo nikaenda zangu kazini. Babake alipofariki nilisafiri hadi kwao kumzika. Siku moja nilifika gereji mapema nikamkuta kijana wake amelala chini ya gari langu, amevisha spana kipande cha paipu ili apate nguvu, anavuta mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Nati ile hutakiwa kukazwa kwa Nm 39 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya kawaida. Nililijua hilo, lakini nikanyamaza kwa kumheshimu mwenye gereji.

Sabisi iliyofuata, nati ilitoka na nyuzi za sampu, ile mikato ya mzunguko ndani ya tundu inayoshika nati. Niliishika mkononi: vipande vyembamba vya alumini vilikuwa vimejikunja katikati ya meno yake, vinang'aa kama waya wa kusugulia sufuria. Fundi akatuma mtu kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road akarudi na nati nene zaidi, ya aina inayojichongea nyuzi yenyewe, akaisukuma ndani kwa nguvu. "Bosi, hii haitoki tena."

Haikutoka, lakini iliingia kombo, kwa hiyo washa, ile pete bapa inayokaa kati ya nati na sampu kuzuia oili, haikulala sawa na oili ikapata njia. Wiki mbili baadaye naenda Nakuru kumwona mama, nimeshapita Limuru, taa nyekundu ya oili ikawaka. Watu wengi hudhani taa ile inasema oili imepungua kidogo, wakaendelea hadi petroli stesheni iliyo mbele. Taa ile ni ya presha ya oili. Ikiwaka ukiwa mwendoni, toka barabarani na uzime injini papo hapo. Nilizima. Nikachomoa kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu. Nilimpigia fundi wangu. Akasema gari limezeeka, akakata simu, na hajapokea simu yangu tena. Miaka sita!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kukereza vyuma pale Kariobangi Light Industries. Alishusha sampu yote, akaibana kwenye jiliwa, akalitazama tundu kwa tochi muda mrefu. "Kijana, ungekuja kabla hawajaweka hii nati kubwa, ningekuwekea helikoili tu." Helikoili ni koili ya waya mgumu inayokaa ndani ya tundu kama nyuzi mpya, na nati ya kwanza inarudi palepale. Ila inahitaji nyama ya alumini ya kushikia, na nyama yangu ilikuwa imeshaliwa. Basi akanikerezea bushi ya chuma: nje nyuzi pana za kushika sampu, ndani nyuzi za nati ya Honda. Akaifunga kwa gundi isiyoyeyushwa na oili, akausawazisha uso wake mpaka washa ikalala bila mwanya. Sampu ikarudishwa kwa silikoni ya kuziba ukingoni, gari likalala hapo usiku kucha ili ikauke.

Ndugu zangu, simameni karibu na magari yenu. Nati ianze kuingizwa kwa vidole. Ikikataa vidole, isilazimishwe kwa spana, itolewe ianzwe upya. Washa mpya kila sabisi, ni ya bei ndogo mno. Ukiona paipu kwenye spana, sema, hata kama fundi ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako. Tunawaonea haya watu kwa mali tuliyoitolea jasho, halafu hasara tunabaki nayo wenyewe.

Dada wa Kasarani, tepu hiyo haifanyi kazi hapo, kwa sababu kinachozuia oili ni washa. Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na usilipeleke gari mbali. Tafuta mtu wa helikoili wiki hii, kabla hajatokea mwingine na nati nene. Akikwambia hahitaji kushusha sampu, hakikisha amepaka grisi kwenye tapu, kile chuma cha kuchongea nyuzi, ili chembe za alumini zinase humo, na kabla ya kufunga apitishe nusu lita ya oili kutoka juu ioshe zilizobaki. Beba washa yako. Na nati ikianza kuingia, inama uangalie kama ni vidole vinavyoizungusha.