Umeitoa wapi?

Msichana wa kidato cha tatu alikuwa amekisimamisha kitabu cha Jiografia mezani kama ukuta, na nyuma ya ukuta ule kidole kinatembea. Nikamwendea kwa nyuma. "Umeitoa wapi?" Niliuliza kwa ile sauti ya mwalimu isiyosubiri jibu. Simu ilikuwa ya mama yake, anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, kioo kimepasuka kona mbili. Kanuni tunaijua wote: mwanafunzi haji na simu shuleni. Nikaitia kwenye droo, nikamwambia mama aifuate mwenyewe.

Kioo kilikuwa hakijajifunga. Alikuwa anasoma simulizi, sehemu ya 43. Binti wa Kibosho kaolewa Dar, mume ana siri, mama mkwe ndiye anayeijua. Nikasema nitazame mistari miwili tu nijue ni uchafu gani. Nikarudi sehemu ya 42 ili nielewe. Kengele ya kwenda nyumbani ilinikuta sehemu ya 31, chai imepoa.

Wakati huo nilikuwa na miaka minane kwenye maktaba ya shule ya kata hapa pembezoni mwa Moshi, chumba kimoja chenye rafu sita na harufu ya popo. Nilikuwa nimeshaandika zaidi ya mara moja kwenye ripoti ya muhula kwamba wanafunzi wetu hawapendi kusoma. Nikafungua daftari la kuazima. Yule binti alikuwa ameazima kitabu kimoja tangu Januari, cha Biolojia, akakirudisha kesho yake. Kumbe kwenye kioo kile kilichopasuka ameshasoma kitu chenye urefu wa riwaya, tena kwa pesa yake mwenyewe: watunzi wale wanakupa sehemu za mwanzo bure, ukishanasa wanakuandikia "itaendelea" na namba ya kutumia pesa.

Kwa hiyo mzazi unayelalamika kwamba mtoto hasomi, ni simu tu, kaa naye jioni moja uone simu hiyo ina nini. Mwombe akuonyeshe, usimpore kama nilivyofanya mimi. Utakuta takataka, ndiyo, vichekesho vya sekunde ishirini na watu wanaocheza muziki jikoni. Utakuta pia maandishi mengi kuliko uliyosoma wewe ukiwa na umri wake. Mimi nikiwa kidato cha tatu nilisoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Nilimpigia yule mtunzi. Namba ilikuwepo pale chini, wote huiacha. Nikamweleza kwamba naomba kuichapa simulizi yake nakala tatu, za maktaba ya shule. Alinyamaza kidogo, nadhani alihisi ni tapeli, kisha akakubali kwa sharti moja: nisifute namba yake. Tukaondoa sehemu mbili ambazo zisingepita mbele ya mkuu wa shule, stesheneri wakazibana, nikaziweka rafu ya mlangoni. Muhula haujaisha, jalada la nakala moja likawa limeshonwa kwa uzi, na hadi leo sijui nani aliyelishona.

Mwisho wa kila nakala nilibandika karatasi: kama umempenda mama mkwe wa humu, nenda rafu ya tatu, kuna mbaya zaidi. Waliofika rafu ya tatu ni wachache. Wengi waliishia mlangoni, wakauliza kama kuna nyingine ya mtunzi yuleyule. Lakini walikuwa wanaingia, na mtoto akishaingia unaweza kumuuliza jambo.

Jambo lenyewe likaja kuwa lilelile nililomfokea yule binti: umeitoa wapi? Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, shida ya nchi ilikuwa kitabu hakipo. Bodi ya Huduma za Maktaba ikafikisha maktaba mikoani, hapa Moshi nasi tunayo, na kazi ya mkutubi ikawa kukitafuta kitabu na kukitunza. Kikishapatikana, hakuna aliyehoji kimetoka wapi, maana jina la mwandishi, la mchapishaji na mwaka yamo kwenye ule ukurasa wa mwanzoni ambao watu huuruka. Kijana wa leo ana maandishi kiganjani hadi usiku wa manane, na karibu yote hayana ukurasa ule.

Chukueni uhakiki wa fasihi. Mnaofundisha Kiswahili mnajua: kuna vitabu teule vya riwaya, tamthiliya na ushairi, na mtihani unataka fani na maudhui. Zamani aliyeshindwa kusoma kitabu aliazima daftari la kaka aliyemaliza. Sasa kuna pidiefu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo wa mwandishi, vyote vimepikwa tayari, na aliyepika hajulikani. Mwaka mmoja darasa zima liliniandikia habari za mhusika ambaye hayumo kwenye riwaya. Alikuwa wa tamthiliya nyingine kabisa; mtu fulani alichanganya faili akiwa ananakili na kubandika. Wanafunzi thelathini na kitu, hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kukutana na mhusika mwenyewe.

Sikuipiga marufuku. Ningeipigaje, na mimi pia natumiwa? Niliichapa kwa herufi kubwa, nikaibandika ukutani maktabani, nikaning'iniza kalamu nyekundu pembeni. Masharti yalikuwa hivi: ukiona sentensi ya kweli, andika namba ya ukurasa wa kitabu unaoithibitisha, ukiona ya uongo, ikate, na uandike ukurasa unaoikanusha. Bila ukurasa huna haki ya kugusa kalamu. Tulikuwa na nakala tisa za riwaya, zikagombaniwa hadi nikaweka zamu. Mvulana mmoja ambaye sikuwahi kumwona na kitabu alikisoma chote, kwa sababu tu alitaka kukata sentensi nyingi kuliko mwenzake. Ubaya nao una kazi yake.

Halafu ikaja akili mnemba, zile programu unazoziuliza swali zikakuandikia jibu. Mwaka jana nilisahihisha insha iliyoanza hivi: "Wahenga walisema, mto usio na mawe hauimbi." Tamu, sivyo? Nikamwita mwenye insha. Umeitoa wapi? Safari hii niliuliza nikitaka jibu. "Madam, niliuliza simu." Tukaitafuta kwenye kamusi ya methali, haimo. Nikatoa kazi ya wikiendi: kila mmoja akamuulize mzee wa nyumbani. Jumatatu majibu yakaja, na nililolikariri ni la meku, yaani mzee, mmoja wa Uru: "Huyo mhenga ni wa wapi? Mto usio na mawe ameuona wapi?" Kwa mtu aliyekulia kwenye mito inayoshuka Kilimanjaro, ni swali la haki.

Niliwaeleza kwa kadiri ninavyoelewa. Programu zile hupanga sentensi kwa kufuata maneno yaliyozoea kuandamana kwenye maandishi mengi mno ziliyolishwa. Kiswahili kina maandishi machache mtandaoni kuliko Kiingereza, kwa hiyo huku kwetu hujikwaa zaidi, tena bila haya. Mtoto akishajua hivyo haiogopi na haiabudu. Darasa likapiga kura: sentensi ibaki kwenye insha maana ni nzuri, ila "wahenga walisema" ifutwe. Nikakubali.

Kuhusu "7bu" na "cjui" kwenye insha, sitapoteza muda. Meseji moja ilikuwa na nafasi ya herufi 160 na ililipiwa, watu wakabana maneno kama baba zetu walivyobana telegramu. Mkumbushe mara mbili, ataacha. Kinachonitesa ni "apana" na "uyu", na hizo zilikuwepo kabla ya simu.

Niseme na walimu wakuu kidogo kuhusu misaada ya kompyuta. Sisi tulipata kumi. Siku ya kukabidhiwa kulikuwa na keki, wageni na ngoma. Mradi ulilipia intaneti mwaka mmoja. Mwezi wa kumi na tatu taa za kile kisanduku cha intaneti zikazimika, ufunguo wa chumba ukawa kwa mtu mmoja anayesafiri sana, na vile vitambaa vilivyoshonwa kufunikia kompyuta vikawa ndiyo kitu pekee kinachofuliwa. Usikatae msaada. Ila kabla keki haijakatwa, uliza bando la mwezi wa kumi na tatu analipa nani, na saa kumi jioni ufunguo uko kwa nani.

Tulikuja kufufua kompyuta nne bila intaneti. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix. Unapakua Wikipedia ya Kiswahili yote, hii iliyoanza mwaka 2003, unaiweka kwenye kompyuta au kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, unaisoma bila bando. Niliipakua kwa rafiki mwenye mtandao mzuri mjini, nikarudi nayo kwenye flashi. Vitabu vya kiada navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa mzazi mwenye simujanja na bando kidogo. Kuna mtego hapo, lakini. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili hadi anamaliza, kisha kidato cha kwanza karibu kila kitu ni Kiingereza. Wengi wao hunakili swali zima la zoezi, pamoja na alama zake, wakalibandika kwenye Google, na kinachorudi hawakielewi. Mfundishe kutafuta mara mbili. Akiandika "usanisinuru" atapata maelezo yatakayomwingia. Akiandika "photosynthesis", neno hilohilo kwa Kiingereza, atapata maneno ya kujibia mtihani. Zoezi hili halikunigharimu hata senti, na limenisaidia kuliko kompyuta zote kumi.

Jumamosi mpeleke maktaba ya mkoa. Najua utakachokiona. Maktaba zetu nyingi zina kona ya watoto yenye viti vifupi, na ukumbi wa wakubwa wenye kimya cha kanisani. Mwenye miaka 15 hana kwao. Wanaokuja wanakuja na daftari zao na simu, wanakaa hadi jioni bila kugusa rafu. Zamani iliniudhi. Siku hizi naona wamefuata meza, mwanga na utulivu, vitu ambavyo nyumba ya vyumba viwili kule Pasua haina. Mkutubi mwenzangu, mpe soketi kwanza, kisha pita taratibu umuulize anatafuta nini.

Wavulana walinishinda kwa muda mrefu. Simulizi za mama mkwe hawazitaki, au hawataki kuonekana nazo. Walichokuwa wakisoma, kwa bidii ambayo Fizikia haijawahi kuiona, ni tetesi za usajili. Dirisha likifunguliwa, kila asubuhi kuna aliyesikia mchezaji fulani kasaini Simba, mwenzake kaona picha kashavaa jezi ya Yanga. Nikawapa ubao. Kila tetesi inaandikwa na tarehe yake, imetoka ukurasa gani, nani kasema kwa jina lake, na klabu yenyewe imetangaza au bado. Dirisha likifungwa tunahesabu zilizotimia. Baada ya madirisha mawili walikuwa wanajua ukurasa gani unatunga, upi unanakili kwa mwenzake na kubadilisha kichwa cha habari, na picha ipi imechezewa, kwa kuwa jezi ni ya msimu uliopita. Mimi mwenyewe sikuiona hiyo kola hadi waliponionyesha.

Muhula huu mzazi mmoja akanipigia usiku. Mwanawe, mmoja wa wale wa ubaoni, kaingizwa kwenye grupu la ukoo. Baba mkubwa akatuma ujumbe wa dawa ya kisukari, majani ya kuchemsha, mtumie watu kumi. Kijana akajibu mbele ya ukoo mzima: "Umeitoa wapi?" Baba mkubwa akatoka kwenye grupu. "Madam, ndicho mnachowafundisha huko?" Nikasema ndicho, nikaomba radhi.

Kesho yake nilimwita kijana maktabani, tukaiandika upya: "Shikamoo baba mkubwa. Pole na majukumu. Naomba kuuliza, ujumbe huu umetoka kwa nani, ili nami nikiwatumia wenzangu niwe na la kuwaambia?" Aliutuma jioni kwa simu ya mama yake. Baba mkubwa amerudi kwenye grupu. Swali bado hajalijibu.