Mtoto mwenye mzio wa karanga kwenye meli ya usiku, Mwanza hadi Bukoba

Dada, nimelisoma swali lako. Mwanao wa miaka sita ana mzio wa karanga, Desemba mnavuka kwenda harusini Bukoba, na shemeji anasema msihangaike kubeba vyombo, mtoto atakula chipsi za melini kwa kuwa chipsi hazina karanga. Unataka kujua nani yuko sahihi. Kwa upande wa chipsi zenyewe shemeji hajakosea sana. Lakini angekuwa mwanangu, asingeonja kitu chochote kilichopikwa na mkono nisioujua tangu tunapanda Mwanza mpaka tunashuka Bukoba. Naomba uvumilivu, nitaandika kirefu.

Mimi mzio wangu ni wa samaki. Cheka kwanza, nimeshazoea. Mtu wa Kirumba, nimekulia karibu na soko la Mwaloni, dagaa wakikaangwa nyumba ya jirani kifua kinabana. Ukweni kwangu ni Kagera, hivyo meli ya Bukoba naijua kwa miguu yangu. Nimelazimika kujifunza kusafiri katika eneo ambalo ni shida kupata sufuria ambalo halijawahi kupikiwa sangara.

Kinachoitofautisha meli na hotelini au kwenye basi ni muda. Mzio mkali wa chakula, ule unaofunga koo na kuangusha presha, huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, na ukishashika kasi unaweza kusimamisha pumzi au moyo ndani ya nusu saa. Ukiwa mjini Mwanza, nusu saa inaweza kukufikisha hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Meli inang'oa nanga usiku, inagusa Kemondo, ndipo inaingia Bukoba asubuhi. Katikati ni maji matupu, ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na hata nahodha awe na huruma kiasi gani hawezi kuisogeza hospitali. Ndiyo maana chakula ambacho nyumbani ungekionja ukisema "tuone", melini hakionjwi.

Tuje kwenye chipsi. Tatizo lake ni mafuta. Karai moja linapitisha viazi, kuku, sato, sambusa, halafu viazi tena. Kwenye chombo kimoja cha ziwani, ambacho sitakitaja, mhudumu aliniapia kwamba kuku wake hana harufu ya samaki hata kidogo. Kuku alikuwa kuku kweli, ila alikaangwa palipotoka sato. Taa za Mwanza zilikuwa bado zinaonekana nyuma yetu midomo ilipoanza kuvimba. Mke wangu alinichoma adrenalini, dawa ya sindano ya mzio mkali, niliyokuwa nayo begini, na ndiyo sababu ninaandika hapa leo. Wakati huohuo mzee mmoja, kwa roho safi kabisa, alikuwa ananisogezea pakiti ya maziwa ninywe "kukata sumu", na vijana wawili walitaka kuniinua wanipeleke juu nikapigwe na upepo. Hao nitawarudia.

Kwa mtoto wako karai hilo halina hatari kubwa hivyo, maana nani anakaanga karanga kwenye mafuta ya chipsi? Hatari yake imelala kwenye mboga. Kanda yetu hii karanga ni kiungo kabla hazijawa kitafunwa. Mchicha, kisamvu, mlenda, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), hata michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), vyote vinaungwa kwa karanga zilizotwangwa, na zikishaiva huzioni. Uji wa lishe ndio mbaya zaidi kwa mtoto, kwa sababu unga wake mara nyingi umesagwa na karanga humohumo, na mama mwenye upendo atampa kikombe bila kukuuliza kwa kuwa anajua uji ni chakula cha watoto. Halafu kuna ule upawa mmoja unaotoka kwenye kisamvu kwenda kwenye maharage. Maharage yenyewe wenye mzio wa karanga wengi wanakula vizuri tu, ingawa yote ni mikunde. Upawa ndio unaowaponza.

Kuna namna ya kuuliza. Usimuulize mpishi "kuna karanga humu?" Atakujibu hakuna, na hadanganyi, kwa sababu akilini mwake karanga ni zile za kutafuna. Tena watu wetu hawapendi kumvunja moyo mteja. Muulize "hii mboga umeiunga na nini?" Hapo anakutajia kila kitu kwa fahari: nyanya, kitunguu, karanga kidogo ya kuleta ladha. Akikwambia zimeiva sana hivyo hazidhuru, mshukuru uondoke. Moto haufuti mzio wa karanga. Kuzikaanga kavu kunazifanya kali zaidi kuliko kuzichemsha.

Swali hilo litakufaa zaidi nchi kavu. Melini beba chakula chako. Safari ni ya usiku mmoja na mtoto atalala sehemu kubwa, kwa hiyo hauhami nyumba: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati ulizopika mwenyewe, mayai ya kuchemsha kama hayamsumbui, ndizi mbivu, machungwa, chupa ya chai na maji ya kutosha. Weka kwenye hotpoti yake yenye kijiko chake, wengine wasichovye humo. Ongeza mlo mmoja wa akiba, kwa sababu meli ikichelewa, na huwa inachelewa, njaa ndiyo itakayomsukuma mtoto kupokea kitumbua cha jirani. Biskuti chukua zile alizozizoea na usome maandishi ya pakiti hata kama umezisoma mwezi uliopita, viwanda hubadilisha. Korosho nazo achana nazo kama hajapimwa. Ni jamii tofauti na karanga, lakini wengi wenye mzio wa moja wana wa nyingine.

Umeandika pia kwamba unaogopa harufu, kwa vile bandarini na kwenye madaraja ya chini watu wanabangua karanga safari nzima. Hapo nikutulize kidogo. Harufu ya karanga peke yake ni nadra sana kuleta mzio mkali. Mvuke wa samaki anayepikwa ndio unaobeba chembe zake hewani, na mimi ndiye shahidi. Kwa karanga ogopa mikono. Mtoto anashika kiti kilichokaliwa na mla karanga, anashika bomba la ngazi, kisha anatia kidole mdomoni. Mnawishe kwa sabuni na maji kabla ya kula, au mfute kwa vile vitambaa vyenye unyevu vya watoto. Sanitaiza haisaidii hapa: inaua vijidudu, lakini chembe za karanga zinabaki pale pale kiganjani. Kama mfuko unaruhusu, kata tiketi ya chumba chenye vitanda. MV Victoria tangu irudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati ina uwezo wa kubeba abiria 1,200, na kwenye msongamano wa Desemba huwezi kumchagulia mtoto jirani. Chumbani unafuta kitanda na meza, unafunga mlango, umemaliza.

Dawa sasa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Hukuitaja adrenalini mahali popote, umetaja Piriton tu. Piriton na ndugu zake kina setirizini hutuliza mwasho na vipele. Koo likianza kufunga hazilifungui. Tena Piriton inaleta usingizi, na mtoto aliyelala saa saba usiku hawezi kukwambia kifua kinabana. Mkimpa na kidonge cha kuzuia kichefuchefu cha safari usingizi unazidi, maana vingi kati ya hivyo ni dawa za kundi hilohilo. Nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla ya safari, mwambie mnavuka ziwa usiku, aandike adrenalini na kipimo chake. Zile kalamu za kujichomea ambazo wenzetu wa Ulaya wanatembea nazo mimi sikuzipata hapa mjini. Daktari wangu aliniandikia vichupa vya miligramu 1 kwenye mililita 1, pamoja na mabomba madogo ya sindano. Kwa watoto kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 20 anachomwa mililita 0.2 ya dawa hiyo, lakini namba ya mwanao aiandike daktari mwenyewe kwenye karatasi mtakayotembea nayo. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Muuguzi alitufundisha mimi na mke wangu kwa kuchoma maji kwenye chungwa, na nawe ufanye hivyo na shemeji, maana kuvunja kichupa na kuvuta dawa huku mkono unatetemeka ni kazi. Isikae juani wala karibu na injini. Ikigeuka rangi kuwa ya kahawia, tupa. Na ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo unaoshushwa chini.

Kuna jambo moja la meli ambalo madaktari wa mjini hawalitaji: ziwa likichafuka, mtoto atatapika hata kama hajala karanga. Kutapika ni dalili ya mzio pia. Mimi huangalia vitu viwili: amekula au ameshika kitu cha wasiwasi ndani ya saa mbili zilizopita? Kuna dalili nyingine pamoja nayo, kama vipele, midomo kuvimba, sauti kukwaruza, kukohoa, kulegea? Akitapika huku meli inayumba, ngozi safi, anapumua vizuri na amekula cha kwako tu, ni mawimbi. Vikijumuika, choma. Pumzi ikibana au akilegea ghafla, choma hata kama huoni kipele. Ukibaki na shaka, choma pia, maana adrenalini ya kipimo sahihi itampa mapigo ya haraka na kutetemeka kwa muda, basi. Asipopata nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, ya pili. Ndiyo maana unabeba zaidi ya moja.

Turudi kwa mzee wa maziwa na wale vijana. Maziwa hayakati mzio, na mtu anayevimba koo hapewi cha kunywa. Vijana ndio walikuwa hatari zaidi. Mgonjwa wa mzio mkali analazwa chali, miguu juu, na kama pumzi inambana sana anakaa huku miguu imenyooshwa. Kumsimamisha ghafla au kumpandisha ngazi kunaweza kumuua, kwa sababu damu inashuka miguuni na moyo unabaki bila kitu cha kusukuma. Wewe baki naye hapo alipo, atumwe mtu kumwita mhudumu. Mkishapanda tu, mjulishe mhudumu wa chumba kwamba mna mtoto wa hivi, muulize huduma ya kwanza iko wapi na nani anaweza kumwamsha nahodha, ili bandari ya mbele ijulishwe mapema. Hata akipata nafuu mkishuka mnapitia hospitali, mzio huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Yule wifi yako uliyemtaja, wa meli za kitalii za Ulaya, aliyekwambia melini unapikiwa peke yako, hakukudanganya. Kule unatoa taarifa kabla ya kupanda, msimamizi wa mezani anakuletea menyu ya kesho leo usiku, sheria za Umoja wa Ulaya zinataja vyakula 14 vya mzio ambavyo mteja lazima ajulishwe, na chini kuna daktari. Hata hivyo nako, pale kwenye meza ya kujipakulia, vijiko vinatembea kutoka bakuli hadi bakuli.

Kama mtoto aliwahi kulazwa kwa mzio huu, au ana pumu isiyotulia, mimi ningepanda basi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na njiani unapita Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, kote kuna hospitali. Utachoka, ila hautakuwa katikati ya maji.

Bukoba yenyewe. Desemba ni msimu wa senene na mtawekewa mezani. Senene si karanga, lakini wauzaji wengi wanapima vyote kwa kikopo kimoja, na kama hajawahi kuwala, harusini si mahali pa kuanzia. Mtu mwenye mzio wa kamba, wale wa baharini, awe mwangalifu zaidi, mwili unaweza kuwachukulia senene kama kamba. Bibi yake mpigie simu kabla hamjaondoka, umwambie mwenyewe, usimwachie shemeji: aombwe kumpikia mjukuu ndizi na maharage kwenye sufuria la peke yake. Akiambiwa mapema atajiona amekabidhiwa mjukuu. Akiambiwa mezani, mbele ya wageni, ataona unakikataa chakula chake.

Halafu panga na kurudi. Watu hujiandaa kwa safari ya kwenda, kwa sababu jiko ni la kwao, na siku ya kurudi wanapanda na kile walichofungashiwa. Asubuhi ya siku ya kuondoka omba jiko kwa saa moja, osha sufuria mwenyewe, chemsha ndizi na mayai ya mtoto, uyafunge. Vichupa vya adrenalini vihesabu hapohapo kabla hujafunga begi.