Usianze na kokteli tamu: nilichojifunza kwenye meza ya chakula cha jioni

Mwaka wa tano wa ndoa yetu tuliusherehekea kwenye mgahawa mmoja wa mtaani wenye baa yake, mahali pazuri kwelikweli. Taa za kiasi, kaunta ndefu ya mbao, glasi zimepangwa zinameremeta. Tulifika na njaa. Meza yetu haikuwa tayari, basi tukakaa kaunta na kuagiza kokteli za krimu na nazi, glasi kubwa, tamu kama kitindamlo. Tukaongeza za pili. Samaki alipoletwa nilikuwa nimeshaupoteza ulimi wangu. Nilimla hadi mwisho bila kujua kama alitiwa ndimu au la. Saa tatu haijafika, mwenzangu ameshika kichwa, tukaomba bili tukaondoka.

Mpishi hakukosea, na aliyetutengenezea vinywaji hakukosea pia. Tulipanga vibaya. Iliniuma, kwa sababu usiku ule tuliungoja miezi. Tangu hapo nimejifunza kuuliza, kutazama na kuonja kwa utaratibu, na haya ndiyo ninayowaambia marafiki wanaotaka kutoka jioni.

La kwanza kabisa, usinywe na tumbo tupu. Pombe hufyonzwa haraka zaidi ikifika kwenye utumbo mdogo, na chakula ndicho kinachoichelewesha tumboni. Kama meza haijapatikana, omba mkate, zeituni au karanga, chochote, kabla ya glasi kufika mkononi mwako. Mimi siku hizi naagiza cha kutafuna na kokteli kwa pumzi moja.

Kisha chagua kinywaji cha kufungua hamu ya kula. Sukari nyingi na krimu huishibisha hamu hiyo. Uchungu na ukali wa ndimu huiamsha. Ndiyo maana Waitaliano wana jadi ndefu ya vinywaji vichungu kabla ya mlo. Wengi hukimbilia Negroni: jin, Campari (kileo chekundu kichungu cha Kiitaliano) na vermuti nyekundu (mvinyo uliotiwa mitishamba) kwa vipimo sawa, pamoja na ganda la chungwa. Naipenda sana, ila vyote vitatu ni vileo na hakuna cha kuipunguza makali isipokuwa barafu. Kwa mtu ambaye bado hajala, mimi humshauri aanze na Americano, yaani Campari na vermuti ileile, lakini badala ya jin unawekewa maji ya soda. Uchungu unabaki, kichwa nacho kinabaki mahali pake.

Utajuaje kama kaunta uliyokaa inajua kazi yake? Mimi naagiza Daiquiri, ile ya asili, siyo ya matunda yaliyosagwa na barafu. Jina limetoka Daiquirí, karibu na Santiago de Cuba, na ndani yake mna vitu vitatu tu: ramu nyeupe, maji ya ndimu na sukari. Hakuna pa kuficha kosa. Namkumbuka dada mmoja aliyenitengenezea: alichukua ndimu nzima akaikata mbele yangu, akaikamua, akapima kila kitu kwa kikombe kidogo cha kupimia, hakukadiria kwa jicho. Akamimina shira ya sukari, akajaza barafu, akatikisa kwa nguvu mpaka chombo kikaota ukungu mweupe kwa nje na vidole vyake vikawa vyekundu. Glasi aliitoa kwenye friji. Alipomimina kupitia chujio, juu palibaki povu jembamba, na fundo la kwanza lilikuwa baridi hadi kwenye meno. Nikajua hapo nitakula vizuri. Watu wanaoheshimu ndimu kiasi hicho kwa kawaida wana jikoni inayoheshimu chumvi.

Ukiona chupa ya maji ya ndimu yaliyokamuliwa tangu jana, agiza bia au mvinyo, usijitese.

Kuna jambo la maji ambalo watu hulielewa vibaya. Nimesikia wageni wakilalamika kwamba barafu ni njia ya kuwapunja. Si kweli. Gazeti moja la Hudson, New York, lilipoieleza kokteli mwaka 1806, lilitaja pombe kali, sukari, maji na bita, yaani kileo kichungu cha mitishamba kinachotiwa kwa matone. Maji ni sehemu yake tangu zamani, na leo huingia kwa barafu inayoyeyuka wakati wa kutikisa au kukoroga. Chenye maji ya tunda hutikiswa, chenye vileo vitupu hukorogwa taratibu kwa kijiko kirefu ili kibaki angavu. Kipande kimoja kikubwa cha barafu huyeyuka polepole kuliko vipande vingi vidogo, kwa hiyo ukipewa glasi ya wiski yenye bonge moja la barafu, usifikiri umepunjwa.

Tazama pia chupa ya vermuti imewekwa wapi. Vermuti ni mvinyo, na ikishafunguliwa huanza kuharibika. Ikiwa imesimama rafuni penye joto miezi yote, Martini yako, ambayo ni jin na vermuti, itakuwa na ladha ya zabibu kavu zilizosahaulika.

Chakula kikija, mimi naacha kokteli. Najua wapo wanaokunywa kokteli mlo mzima, lakini chakula kizuri kinahitaji nafasi, na kwangu maji, mvinyo au wiski ndefu yenye soda vinatosha. Nikiwa na kitu cha kukaangwa, hapo kinywaji chenye ndimu kinakata mafuta vizuri. Chakula chenye pilipili nyingi nakitenga kabisa na pombe kali, maana pombe huuzidisha ule moto mdomoni.

Kinywaji kikija vibaya, sema mapema. Ukinywa nusu ndipo ulalamike, unamweka mhudumu pabaya. Mimi husema, "Kaka, samahani, hii kwangu imezidi sukari, unaweza kunirekebishia?" Sijawahi kukataliwa. Na usimwambie "nipe chochote kizuri" halafu ununue ugomvi. Mwambie kileo unachopenda, kama unataka chungu, kali au tamu kidogo, na kwamba unakwenda kula. Neno hilo la mwisho humsaidia kuliko mengine yote.

Ile kokteli tamu sasa tunaiweka mwisho, mahali pa kitindamlo. Espresso Martini, kokteli ya vodka na kahawa iliyobuniwa na mtengeneza vinywaji Dick Bradsell huko London miaka ya 1980, inakaa vizuri hapo. Ila kahawa iliyomo haikuondolei pombe hata kidogo. Inakufanya uwe macho tu, na ini linaendelea na kasi yake ileile. Gari liache nyumbani kabla hujatoka, wakati akili bado ni yako.

Mwenzangu aliacha pombe miaka miwili iliyopita, na tunaendelea kwenda. Anachokataa ni kupewa juisi ya watoto. Huomba kinywaji kisicho na kileo lakini chenye ukali na uchungu uleule, kwenye glasi nzuri, na kaunta yenye watu wanaojali humtengenezea. Tahadhari moja tuliigundua wenyewe: wengi hudondoshea bita kwenye tonic na ndimu wakidhani haina pombe. Angostura, bita inayojulikana sana, ina kilevi cha asilimia 44.7. Matone ni machache, lakini asiyegusa kabisa ana haki ya kujua, kwa hiyo sisi huuliza kabla chupa haijainamishwa.