Nyumba ya paneli haihitaji msingi? Nani kakwambia?

SWALI: Injinia shikamoo. Nina kipande Msimbati, Mtwara, karibu na bahari, nataka niweke kanyumba ka paneli (zile za bati mbili zenye povu katikati) vyumba viwili, sola na tenki la maji ya mvua basi. Nichukue paneli ya milimita 50 au 75 kwa joto la huku? Muuzaji kasema ni nyepesi haina haja ya msingi, naiweka juu ya mchanga, siku tatu nahamia.

JIBU: Marahaba. Joto linaingia kwa juu, so weka 75 kwenye paa, ukutani 50 inatosha, na madirisha yatazamane upepo upite. Hilo limeisha.

Sasa huo mchanga. Kila mwaka hela ya korosho ikitoka napigiwa simu kuulizwa hili hili na nimechoka kwelikweli. Nyepesi ndio tatizo lenyewe! Mvuvi wa hapo Msimbati akifika anatupa nanga kwa sababu ngalawa yake nyepesi, si ndio? Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 47, na ukipita juu ya paa unalivuta kwenda juu, wakati paneli yako mita hiyo hiyo ina kilo kama 10 tu. Paa la mita 40 za mraba hapo ni karibu tani mbili zinavuta, nyumba nzima pengine haifiki hizo tani mbili. Ukuta wa tofali za inchi sita mita moja ya mraba inapita kilo 200, ndio maana mwenye tofali anaweza kubahatisha, wewe huwezi.

Chimba mashimo, mwaga zege kitako kipana chini, nguzo fupi ipande juu kama nusu mita, bolti za anka zilale ndani ya zege kabla halijakauka, fremu ifungwe hapo. Zege mita moja ya ujazo ni kilo kama 2,400, huo ndio uzito unaoutafuta. Halafu pale chini kuwe wazi umuone mchwa anapopanda, maana chuma hali ila lile povu la katikati anatoboa na kuweka makazi. Na tafadhali usichote mchanga wa ufukweni kwa ajili ya zege, chumvi itakula nondo (fundi wa bei rahisi atakwambia mchanga ni mchanga).

Hawa wauzaji wanaleta picha za huko nje nyumba imekaa kwenye majani wanaita rafiki wa mazingira, hawajui kusi wala chumvi ya bahari. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma tu, na kimbunga Hidaya Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika. Kwa hiyo muuzaji yeyote, iwe Msimbati, Kilwa au Liwale, kabla hujatoa advansi mwambie akuonyeshe mchoro wa jinsi fremu inavyofungwa chini, na skrubu atakazotumia. Akianza kucheka, weka hela mfukoni.