Bango lililokosewa herufi moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nachora mabango hapa Moshi, upande wa Kiborloni. Juzi nilimwandikia mama mmoja "STATIONARY" juu ya duka lake la madaftari. Mwanawe wa kidato cha pili akacheka, eti nimeandika kwamba duka limekwama. Sasa mama kagoma kunimalizia hela yangu. Nani yuko sahihi?
Fundi rangi

JIBU: Marahaba, fundi. Pole, mtoto yuko sahihi. "Stationary" yenye A ni kitu kisichosogea, kama daladala iliyozimika Majengo jua la saa nane. Vifaa vya kuandikia ni "stationery", yenye E. Kumbuka E ya "pen".

Ila usijione mjinga, maana maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Zamani huko Ulaya wachuuzi wengi walitembeza bidhaa, kama wamachinga wetu. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu akaitwa "stationer", yaani aliyetulia mahali pamoja. Kule London chama chao kiliundwa mwaka 1403, kikapata hati ya kifalme mwaka 1557. Karatasi na wino alivyouza vikarithi jina lake. Kwa hiyo duka la mama huyo kweli limetulia mahali pamoja, lakini utani huo uweke mpaka akulipe!

Mimi mwenyewe, kutoka stendi hadi mnara wa saa, nimeshaona mabango mawili yenye A hiyo hiyo. Futa A kwa rangi ya ubao, ikikauka chora E, kisha kadai chako.