Mfuniko wa kioo wa jiko: usiung'oe kwanza

Dada wa Chumbageni, umesema sufuria ya pilau inaugonga mfuniko wa kioo wa jiko lako la gesi, na fundi anataka auondoe. Nisingekubali haraka. Sufuria kubwa ihamishie moto wa mbele.

Mfuniko ukiwa wima unakinga ukuta na mafuta ya samaki. Ukiufunga usiku, mende na mijusi hawatembei kirahisi juu ya vichomeo vya jiko. (Mijusi ya Tanga unaijua mwenyewe.) Bawaba zipanguse mara kwa mara, chumvi ya bahari inazila, na zikilegea kioo kitakuangukia mkononi.

Kubwa ni hili: usiufunge mfuniko jiko likiwa bado la moto. Kioo changu nilikifunga nikiwahi harusini, kikapasuka kama bomu, vipande nikaviokota hadi chini ya friji. Wala usiwashe moto kikiwa kimefungwa.

Majiko mengine hukata gesi mfuniko ukishuka, mengine hayakati. Zima kwa vifundo kwanza. Kama lako linakata, kuung'oa ni kazi ya fundi wa gesi tu. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi, mwite.